Heshima Isiyo na Kazi: Hali ya Wazee Wetu

Mtu akitaka kupima jinsi Waswahili walivyowatukuza wazee wao kwa maneno, hana haja ya kwenda mbali, kwa maana mtoto hajajua bado kuhesabu hadi kumi na tayari amekwisha kufundishwa kumwamkia aliyemzidi umri, na kabla hajabaleghe amekwisha kusikia mara nyingi kwamba penye wazee haliharibiki neno, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maneno hayo ni ya kweli, na waliotuachia hawakuyasema kwa kupamba mazungumzo. Walakini iko tafauti kubwa baina ya mzee anayesifiwa na mzee anayeshirikishwa, na katika zama hizi tafauti hiyo imezidi kupanuka, hata imekuwa jambo la kawaida kuona mzee anaamkiwa kwa taadhima na kila apitaye, anapewa kiti cha mbele harusini, anaombwa afungue mkutano kwa dua, kisha yale mambo yaliyowakusanya watu yakaanza kuzungumzwa naye hana habari nayo, wala hakuna aliyemwuliza rai yake.

Rai yangu mimi ni kwamba heshima ya mzee husimama kwa mambo mawili, na likikosekana moja lile jingine halitoshi. La kwanza ni kuwa na kazi inayomhitaji yeye hasa, kazi ambayo asipokuwapo yeye haiendi, au huenda vibaya. La pili ni kuwa na kitu chake mwenyewe mkononi, hata kiwe kidogo, asije akawa mwombaji katika nyumba aliyoijenga. Haya mawili yakiondoka, kinachobaki ni maamkizi tu, na maamkizi hayamgharimu mtu kitu.

Tuutazame kwanza mji wa pwani wa zamani. Mzee katika mji ule hakuwa amestaafu kwa maana tunayoijua leo, bali alihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kwa kadiri nguvu zilivyompungukia. Nahodha ambaye mikono yake haikuweza tena kushika usukani wakati wa kusi kali alibaki kuwa mtu wa kuulizwa habari za nyota, za miamba na za kugeuka kwa misimu, na chombo hakikung'oa nanga kwenda ugenini ila vijana wamekwisha kukaa naye barazani. Fundi wa majahazi, ambaye hakupata kuchora chombo kwenye karatasi maisha yake yote, alikaa kwenye kigogo pale Matondoni, Lamu, au Nungwi, Unguja, akiutazama ubao unavyopindwa, na kwa neno moja tu, au kwa kidole, akamwonyesha kijana mahali ambapo ubao umekwenda kombo. Mwanamke aliyekoma kuzaa alikuwa na hadhi ya somo na kungwi, na hapakuwa na mwari aliyetoka ndani, wala arusi iliyokamilika, pasina yeye. Posa ilipoletwa, ni wazee waliojua nasaba za pande zote mbili, na ni wao waliojua pia ugomvi wa zamani ulioanzia kwenye mpaka wa shamba la minazi, ambao kijana hakuwa na njia ya kuujua.

Elimu yenyewe ilipita mikononi mwao. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni katika kisiwa cha Lamu mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, yule mwanachuoni ambaye lugha yetu inamshukuru kwa neno runinga na mengine mengi, hakuupokea ushairi katika skuli yoyote. Aliupokea kwa bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, ambaye naye alikuwa malenga. Na kabla yake, Muyaka bin Haji wa Mombasa alipofariki yapata mwaka 1840, mashairi yake hayakuwa yamepigwa chapa, bali yalibaki vifuani mwa watu. Na Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoanza kuyakusanya miongo kadhaa baadaye, wakati mmishonari W. E. Taylor alipokuwa akiyatafuta, hakuwa na hazina nyingine kubwa ya kuchota ila kumbukumbu za watu wazima wa mji wake waliokuwa bado wakiyajua. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1940 kwa jina la Diwani ya Muyaka kinasomwa leo na wanafunzi wa vyuo vikuu, na yamkini wengi wao hawajui kwamba lau si vikongwe wa Mombasa waliokataa kusahau, pasingekuwa na cha kusomwa.

Naona ni vema kumtaja hapa pia Fatuma binti Baraka, tuliyemjua kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri ambao wengi walikadiria kuwa umepita miaka mia. Dunia ilimjua kama mwimbaji, na ilimsafirisha Ulaya na kwingineko akiwa mkongwe. Lakini nyumbani kwake watu walimjua kwa kazi nyingine pia, nayo ni kuwafunda wari katika unyago na kupiga ngoma ya msondo, kazi aliyoishika hata uzeeni kabisa. Heshima aliyoipata haikuwa ya huruma. Hakuna aliyesema, tumwite bibi huyu aketi nasi asije akaona upweke. Walimwita kwa sababu yeye alikuwa na jambo ambalo wao hawakuwa nalo, na ngoma isingelia vile bila mkono wake.

Siasa nayo ilianza kwa namna hiyo hiyo. Chama cha TANU kilipoundwa mwaka 1954, Julius Nyerere alikuwa kijana, mwalimu wa skuli kutoka Butiama, mgeni katika mji wa Dar es Salaam. Na wazee wa mji ule, waliokusanyika baadaye katika Baraza la Wazee la TANU chini ya Sheikh Suleiman Takadir, walimpokea, wakamtambulisha kwa watu, wakachangia, wakamwombea dua alipokwenda New York mwaka 1955 kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili. Hao walikuwa washauri kwa maana kamili ya neno: waliweza kukubali na waliweza kukataa, na chama kilihitaji jaha yao ili kisikilizwe majumbani. Baada ya uhuru desturi ya kuzungumza na wazee wa Dar es Salaam iliendelea, na Mwalimu Nyerere aliwakusanya mwaka 1978 vita na Idi Amin vilipoanza, akawakusanya tena Novemba 1985 alipowaaga, na marais waliomfuata nao wameishika desturi hiyo. Ni desturi njema, na inafundisha vijana adabu ya utawala. Lakini mwenye kuiangalia kwa makini ataona kwamba mahali pa mzee pamebadilika ndani yake: yule aliyekuwa akiulizwa kabla ya uamuzi amekuwa akielezwa baada ya uamuzi, na ukumbi mzima wa wazee wenye kofia na kanzu husikiliza, hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani. Nadhani hapo ndipo kilipo kiini cha suala letu lote, maana yaliyotokea ukumbini ndiyo yaliyotokea majumbani na vijijini.

Sababu zake hazihitaji kutafutwa kwa taa. Skuli ilimpa mtoto elimu ambayo babu yake hana, na kwa kadiri mtoto alivyopanda madarasa ndivyo babu alivyoonekana kuwa mtu asiyejua. Mshahara ukampa kijana uwezo wa kuoa bila kungojea ng'ombe wa baba wala shamba la babu. Mji mkubwa ukawachukua vijana, wakabaki kijijini wazee na watoto. Hata nyumba zetu zimeshiriki: ile nyumba ya Kiswahili iliyokuwa na baraza mbele, ambapo mzee alikaa alasiri na kila apitaye akalazimika kusimama, kujuliana hali na kueleza aendako, imepisha nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma, na mzee amewekwa ndani, chumba cha nyuma, mbele ya runinga. Na kule Michenzani, Unguja, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, ajuza wa ghorofa ya juu hupima kila safari ya chini kwa maumivu ya magoti, mwisho akaacha kushuka.

Juu ya hayo yote ikaja kanuni ya kazi za serikali, kwamba mtu akifika miaka sitini anaondoka, awe mwalimu aliyebobea au karani aliyechoka, bila kutazamwa nani bado ana nguvu na nani hana. Lakini hao wenye kustaafu rasmi, pamoja na malalamiko yao ya kweli kuhusu viinua mgongo vinavyochelewa, ni wachache. Wavuvi, wakulima, wapishi wa vitumbua, wasusi wa ukili, wachukuzi wa bandarini, hao hawakupata kuwa na tarehe ya kustaafu wala mfuko wa kuchangia, na uzee wao huanza siku mwili unapokataa.

Insafu yanilazimu niseme pia kwamba si kila kilichoondoka kinastahili kuliliwa. Mamlaka ya wazee wa zamani yalikuwa na dhuluma zake: binti aliozwa bila kuulizwa, kijana mwenye rai njema alinyamazishwa kwa sababu ya ndevu zake chache, na mjane alipoteza shamba kwa kauli ya wazee wanaume waliokaa kikao bila yeye. Ninapodai mzee arudishiwe nafasi, sidai arudishiwe amri hiyo. Nadai aulizwe, asikilizwe, na apewe kazi, naye apingwe kwa adabu pale anapokosea, kama anavyopingwa mtu yeyote anayehesabiwa kuwa mwenye akili timamu.

Sasa tufike mahali pagumu. Katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, iko misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Na misitu hiyo imesalimika mpaka leo, katika pwani ambako miti mingi imekwisha, kwa sababu wazee wa kaya walishika miiko yake na wakaisimamia. Na katika kaunti hiyo hiyo wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, aghalabu na vijana wa aila zao wenyewe, hata wako wanaume wanaopaka nywele rangi nyeusi ili mvi zisiwaponze, na wengine wamekimbilia mahali pa hifadhi wakaacha mashamba yao. Neno shamba ndilo la kuzingatiwa. Wanaofuatilia mauaji hayo wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma ya uchawi mna ardhi: baba hajafa, hajagawa, bei ya ardhi imepanda, na wana wanaona umri wake mrefu kuwa kizuizi. Usukumani nako, katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Simiyu na Geita, wakongwe wanawake wameuawa kwa miaka mingi kwa kisingizio cha macho mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi walizopikia watoto, pengine watoto hao hao walioinua mapanga juu yao. Watu wa haki za binadamu nchini Tanzania wamehesabu mauaji ya tuhuma za uchawi kwa mamia katika mwaka mmoja. Siwezi kuliandika jambo hili kwa utulivu. Laiti ingekuwa heshima ya maneno inatosha kumlinda mtu, wakongwe hawa wangekuwa salama kuliko watu wote duniani, kwa sababu waliowaua walikuwa wamelelewa katika mila ya kuwaamkia kwa kupiga magoti.

Na wakati huo huo, mahali pengine, wazee walikuwa wakiibeba nchi mgongoni. Ugonjwa wa ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliwaondoa watu wa makamo, wale wenye nguvu za kulima na kulea, ukaacha pande mbili za umri zikitazamana, bibi na mjukuu. Mabibi wa Bukoba na Muleba, mkoani humo, walianza ulezi upya wakiwa na miaka sabini. Walipalilia migomba, wakatafuta ada za skuli, wakawazika watoto wao kisha wakawakuza watoto wa watoto wao. Hakuna aliyewapa cheo kwa kazi hiyo, na katika hesabu za uchumi wameandikwa kuwa ni wategemezi.

Hapo ndipo suala la fedha linapoingia, na ndipo Zanzibar ilipotangulia. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila Mzanzibari mkaazi aliyefika miaka sabini, tajiri na maskini, aliyepata kuajiriwa na asiyepata, bila kumtaka mtu athibitishe ufukara wake. Na baadaye kiasi hicho kikapandishwa hadi 50,000. Kenya nayo, chini ya mpango wa Inua Jamii, iliwafungulia mlango wote waliotimiza miaka sabini kuanzia mwaka 2018, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, ingawa wazee wa huko wamelalamika mara kwa mara kwa malipo kuchelewa. Tanzania Bara ina sera ya wazee tangu mwaka 2003, ina matibabu bila malipo kwa wasiojiweza waliopita miaka sitini, ina madirisha ya wazee hospitalini, ina ruzuku ya TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini. Pensheni ya wote haijaifikia.

Wako wanaosema fedha hizi ni chache mno, na ni kweli kwamba hazimtoshi mtu kula mwezi mzima. Lakini nendeni siku ya malipo katika shehia yoyote ya Unguja au Pemba mkatazame kwa macho. Bibi amekuja mapema, kitambulisho kimefungwa pindoni mwa kanga, mjukuu amemshika mkono. Anaitwa jina lake kamili, na baba yake, na babu yake, jina ambalo pengine halijatamkwa lote hadharani tangu siku ya ndoa yake. Anahesabiwa noti, naye anazihesabu tena mwenyewe polepole, anazikunja, anazifunga. Kisha hapiti moja kwa moja nyumbani. Anapita dukani kulipa deni la sukari na majani ya chai, ananunua sabuni, anatoa shilingi kidogo za daftari la mjukuu, na anabakisha za rambirambi, kwa sababu ikitokea maziko asiende mikono mitupu. Mwenye duka anamkopesha bila kusita mwezi mzima, kwa kuwa anajua tarehe. Huyu ni mtu aliyerudi katika mzunguko wa kupeana, na mtu asiyeweza kutoa chochote huanza mwenyewe kujitenga, hata kabla watu hawajamtenga. Kwa hiyo siwaafiki wanaoitazama pensheni kuwa ni sadaka ya serikali. Ni sharti la ushiriki.

Ama kuhusu nyumba za wazee, kama zile za Sebleni na Welezo huko Unguja, sina neno baya juu yake, maana zimewasitiri wasio na aila, na kumwacha mtu barabarani kwa ajili ya kulinda fahari ya mila ni ukatili. Inatosha kusema kwamba ziwe za wasio na pa kwenda, na milango yake iwe wazi kwa watoto wa mtaa.

Linabaki suala la kazi, na sheria imekwisha kulikubali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inaitaka serikali ihakikishe haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa hadhi na heshima pasina kuteswa, na kupata matunzo ya kiasi kutoka kwa jamaa zao na serikali. Na ushiriki umetajwa kabla ya matunzo, jambo ninaloliona kuwa la busara. Tanzania Bara yameundwa mabaraza ya wazee kuanzia kijiji. Lakini mengi ya mabaraza hayo hukutana Oktoba Mosi, siku ya wazee duniani, wajumbe wake wakapigwa picha, wakapewa soda, kisha yakalala hadi Oktoba nyingine.

Kinachoyaua mabaraza haya ni mambo madogo ambayo kijana hayaoni. Kikao kimewekwa saa nane mchana, juani, umbali wa mwendo wa saa nzima. Viti ni mabenchi yasiyo na egemeo. Choo kiko mbali, na mzee mwenye maradhi ya kibofu heri abaki kwake kuliko kuaibika. Karatasi zimechapwa kwa herufi za sisimizi. Mtendaji anasoma kwa haraka, na aliye kiziwi wa sikio moja anaona haya kusema hakusikia. Baada ya vikao viwili vya namna hiyo mzee haji tena, na watu husema wazee wetu hawapendi mikutano.

Kazi za kuwapa zipo tele. Mwalimu mstaafu aliyeko kijijini angeweza kushika darasa la jioni, na watoto wa darasa la nne wasioweza kusoma wako katika kila wilaya. Mkunga wa jadi, ambaye hatumtaki tena azalishe peke yake, angeweza kuwasindikiza waja wazito kliniki, kwa sababu wao humwamini yeye kuliko karatasi ya ukutani. Wazee wa kaya wangeweza kutembea msituni na wanafunzi wakiwatajia miti kwa majina na dawa zake. Walioishi kabla ya uhuru wanapungua kila mwezi, na simu ya mkononi ya mjukuu yeyote inatosha kurekodi sauti, ikiwa tu mjukuu atakaa kitako na kuuliza.

Katika kamati za skuli, za maji na za zahanati, ningependa iandikwe katika kanuni kwamba nafasi mbili ni za watu waliopita miaka sitini na tano, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wachaguliwe na wazee wenzao na si kuteuliwa na mwenyekiti. Walipwe posho ile ile wanayolipwa wajumbe wengine, wala wasiambiwe kwamba wao wanajitolea. Kikao kiwe asubuhi. Na muhtasari usomwe mbele yao kwa sauti kabla haujatiwa saini, na majina yao yakiandikwa miongoni mwa waliohudhuria, yale waliyoyasema yaandikwe pia.